Mimi nimechoka, yeye anaona nimekasirika

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu alikunywa pombe kwa miaka 14, na huu ni mwezi wa tatu tangu aiache kabisa. Namshukuru Mungu kwa hilo, lakini ugomvi nyumbani haujaisha. Nikirudi kutoka sokoni nimechoka, ananitazama na kuniuliza kwa nini nimemkasirikia. Nikimwambia sina hasira, anasema uso wangu unasema vingine. Wiki iliyopita binti yetu alikaa mezani machozi yakimlengalenga kwa sababu ya matokeo ya mtihani, naye akaendelea kumtania kana kwamba mtoto anafurahia. Mama mkwe ananiambia hicho ni kiburi tu. Je, anafanya makusudi?
Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mumeo sijamwona, lakini kwa haya uliyoyaeleza siamini kwamba anafanya makusudi. Pombe inayonywewa kwa wingi kwa miaka mingi hudhuru ubongo, zikiwemo sehemu mbili tunazozitegemea tunapomtazama mwenzetu usoni: ile iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima jambo kabla hatujalitolea uamuzi, na amigdala, kiungo kidogo kilichojificha ndani kabisa, ambacho hutushtua mara tunapoona hofu au hasira kwenye uso wa mtu.

Mwaka 1999 watafiti wa Ubelgiji, wakiwemo Pierre Philippot na Charles Kornreich, walichapisha utafiti ambamo watu waliotoka kuacha pombe walionyeshwa picha za nyuso, nyingine zenye hisia kali na nyingine zenye hisia hafifu, wakatakiwa kusema wanaona nini na kwa kiasi gani. Ikilinganishwa na watu wasio na uraibu, walikosea mara nyingi zaidi, na hisia waliziona kali kuliko zilivyokuwa. Lililonigusa mimi ni jingine: wao wenyewe hawakuhisi kwamba kazi ile iliwashinda. Ndiyo maana mumeo anabishana nawe kwa uhakika mkubwa kuhusu uso ambao ni wako. Utafiti mwingine wa kundi hilo, wa mwaka 2001, ulionyesha kuwa udhaifu huu ulikuwapo hata kwa watu waliokwisha kukaa miezi miwili au zaidi bila kunywa, kwa hiyo mwezi wa tatu bado ni mapema. Ubongo hujirekebisha, ila hauna haraka tuliyo nayo sisi.

Tatizo hili haliishii usoni, kwa kuwa sauti nayo huweza kumpotosha, hasa pale maneno yanaposema hili na toni ya sauti ikasema lile. Nalitaja kwa sababu ya namna tunavyoishi majumbani mwetu. Sisi ni watu wa kununa. Mke akiudhika hujibu kwa mkato, huweka sahani mezani kwa kishindo, au huvaa kanga yenye jina la kuchoma na kupita nayo sebuleni mara tatu, akitarajia kwamba mwenye akili ataelewa. (Wanaume nao hununa, ila wao huita kufikiri.) Kwa mtu aliye katika hali ya mumeo, barua za namna hii hazisomeki, au husomeka kinyume. Mwambie kwa maneno, hata kama utajiona kama unamfundisha mtoto: “Nimechoka, sina hasira nawe, nipe nusu saa.” Binti naye azoee kusema, “Baba, nina huzuni.” Na siku mumeo anapokuwa ametulia, mkubaliane kwamba kabla ya kuhukumu uso wa mtu atauliza, na jibu atakalopewa atalipokea.

Najua ni mzigo mwingine juu ya ule ulioubeba miaka 14, na sikusudii kukufanya wewe kuwa dawa yake. Mpeleke kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, ambako wataangalia pia kama ana sonona, inayoweza kumfanya mtu aone ubaya kila anapotazama, na kama mwili wake umepungukiwa vitamini B1, upungufu unaowapata wanywaji wengi na ambao usipotibiwa huharibu kumbukumbu. Jambo moja nalisema bila kuzunguka: kukosea kusoma uso hakumnyanyui mtu mkono. Akikupiga au akikutisha, usitafute maelezo katika ubongo wake. Tafuta usalama wako na wa watoto.

SWALI: Nimeacha pombe mwaka wa pili sasa. Kazini naona kila mtu ananidharau. Nitajuaje kama ni kweli au ni macho yangu?
Fundi, Tanga

JIBU: Fundi, pima kwa matendo. Anayekudharau hakupi kazi ngumu, hakuulizi ushauri, hakungoji mle pamoja. Ukiona mtu anakupa kazi hizo, anakuuliza ushauri na kukungoja mle, huku uso wake ukikutia shaka, shuku macho yako kwanza. Mchague pia mwenzako mmoja unayemwamini, umuulize faraghani: “Fulani alipozungumza nami asubuhi, wewe ulimwonaje?” Na siku dharau hiyo unayoiona ikianza kukukumbusha chupa, usiibebe peke yako, rudi kwa waliokusaidia kuacha.