Witley Court: jumba liliungua, bustani bado ipo

Umeuliza kama kuna haja ya kwenda Witley Court, kule Worcestershire, Uingereza, wakati jumba lenyewe ni magofu. Nenda, tena nenda kwa ajili ya bustani. Moto wa 1937 uliharibu nyumba vibaya, na baadaye vitu vya thamani viling'olewa vikauzwa. Lakini bustani aliyoipanga William Andrews Nesfield kuanzia 1854 bado unauona vizuri mpangilio wake ukishuka zile ngazi za mawe za upande wa kusini.

Hapo ndipo ilipo chemchemi yenye sanamu za Perseus na Andromeda wa hadithi za Kigiriki, na mimi naona hiyo peke yake inalipa nauli. Perseus, shujaa, yuko juu ya farasi mwenye mabawa, Andromeda, binti mfalme anayemwokoa, amefungwa minyororo, na dude la baharini linatema maji juu kabisa. Zamani injini ya mvuke ilipandisha maji kutoka bwawani hadi kwenye hifadhi ya maji iliyojengwa mahali pa juu. Yakifunguliwa, uzito wake wenyewe uliyarusha zaidi ya mita 30! English Heritage, shirika linalotunza eneo hilo, wameifufua chemchemi hiyo.

Angalia saa zake kabla hujatoka, maana hairushi maji mfululizo.

Na usiondoke bila kuingia kanisa lililo ubavuni mwa magofu. Lilinusurika na moto, na michoro ya dari lake ilitoka jumba jingine, Cannons, lililobomolewa karne ya 18.