Wajukuu ambao hawajazaliwa, wana haki gani?

SWALI: Shikamoo dada. Huku Mikindani watu wanakata mikoko ya boriti, nikisema, mjomba ananijibu eti hao wajukuu unaowatetea hawajazaliwa, hawana haki. Kweli kisheria? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mjomba hapo simuungi mkono kabisa. Kwanza mikoko ni hifadhi ya serikali, ukikata bila kibali ni kosa, hata wajukuu usiwataje. Halafu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema maliasili zitumike kwa haki, kwa faida ya kizazi cha sasa na vijavyo, na inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akiona mazingira yanatishiwa. Kule Ufilipino watoto walishtaki kuhusu ukataji misitu kwa niaba yao na ya vizazi ambavyo havijazaliwa, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikakubali wanaweza kushtaki!

Maji yakitoka mchukue mjomba mwende mkainame pale kwenye mizizi, aone kamba wachanga na vikaa vidogo vinavyokimbilia matopeni, kitoweo cha hao wajukuu ndo hicho. Akikataa bado, nenda kwa afisa misitu wa wilaya, usiogope.