Mkeo kapima mara mbili, wewe hata mara moja

"Shangazi shikamoo. Mimi nina miaka 43, nimeoa miaka 12, watoto wawili. Huu mwezi wa nane nawashwa kwenye kichwa cha uume, kuna wekundu na utando mweupe chini ya govi (sijatahiriwa) na ngozi inachanika chanika. Rafiki alinipa krimu yake, nikipaka inatulia siku chache halafu inarudi kali kuliko mwanzo. Mimi ni mwaminifu, ni safari moja tu mwaka jana na haikuwa kitu. Mke wangu kapima mara mbili, wanasema hana ugonjwa wowote wa zinaa, ila najua ndo yeye kaniletea, kikulacho ki nguoni mwako. Nimehamia chumba kingine. Sasa anasema naamka mara nne usiku kwenda chooni kuchati na wanawake, wakati naenda kukojoa tu na kunywa maji. Anakazania twende wote kwa daktari, naona ananitega. Kwa mawazo nimekonda mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya. Nimwache?"

Marahaba mwanangu. Pole, kuwashwa sehemu hiyo miezi minane ni mateso, mtu hukai kwa raha wala hulali. Ila pole yangu inaishia hapo, manake barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia naona mwanamke anaonewa.

Mkeo kapima mara mbili. Wewe umepima mara ngapi? Barua nzima sijaona hata mahali pamoja umesema daktari kakuangalia, umeangaliwa na rafiki yako tu, tena sidhani hata yeye kaangalia, umemwambia unawashwa akakupa kilichokuwa kwenye droo yake. Halafu mwenye majibu ya hospitali ndo mshitakiwa na asiye na majibu ndo hakimu!

Sasa nikwambie kilichonishtua, na sio muwasho. Umeandika unaamka mara nne kukojoa, unakunywa maji usiku, umekonda mpaka mkanda umetobolewa. Wewe umeyaandika kama ugomvi wa ndani, mimi nimeyasoma kama dalili za kisukari. Siwezi kukupima kwa barua na wala sisemi ni lazima iwe hivyo, lakini mwanaume wa miaka 43 mwenye hayo matatu pamoja na fangasi ya kichwa cha uume isiyokoma, kitu cha kwanza anapimwa sukari. Mtu mwenye sukari nyingi kwenye damu anaikojoa, mkojo wenye sukari unabaki kidogo chini ya govi, pale pana joto na unyevu, basi fangasi imepata chakula na makazi. Na sukari ikipanda mwili nao unachoka kupambana na vimelea. Govi kuchanika chanika hivo ulivyoeleza madaktari wanaliona sana kwa wenye kisukari, na wanaume wengi ndo walivyojijua wana kisukari, walienda kutibiwa muwasho huko chini wakarudi na jibu la sukari.

Kwa hiyo huo usemi wako wa kikulacho ki nguoni mwako ni kweli kabisa, ila sio mkeo, ni mwili wako mwenyewe. Hiyo fangasi wengi wetu tunaishi nayo mwilini bila madhara mpaka siku ipate nafasi. Inaweza kupita kati ya mke na mume ndio, lakini haihitaji mtu kutoka nje ya ndoa ndo itokee. Mkeo yeye kaona mumewe hakuwa akiamka hivi zamani, kaona amekonda, kaogopa akafikiria wanawake wa kwenye simu. Kakosea sababu ila macho yake yameona sawa, na ushauri wake wa kwenda wote kwa daktari ndo ushauri wa mtu anayekupenda. Hakutegi.

Tuje kwenye krimu. Angalia mgongoni mwa kibomba, nina wasiwasi mkubwa utakuta jina kama klobetasoli au betamethasoni, hizo ni steroidi, mara nyingi wanazichanganya na dawa ya fangasi na antibayotiki kwenye kibomba kimoja. Steroidi inazima muwasho na wekundu haraka ndo maana unaona imetulia, lakini inazima pia kinga ya ngozi, fangasi inaendelea kula chini chini na ukiacha inaibuka kwa hasira. Tena ngozi ya huko sio ya mkononi! Ngozi ya pumbu peke yake inanyonya steroidi kama mara 40 kuliko ngozi ya mkono, ukipaka miezi inakuwa nyembamba, nyekundu, inaunguza hata bila ugonjwa. Sisemi steroidi ni sumu, kuna ugonjwa wa ngozi unafanya mabaka meupe magumu na govi linabana mpaka halifunguki, huo dawa yake ya kwanza ni steroidi kali na usipotibiwa kwa miaka una hatari ya kugeuka saratani. Ndo nasema dawa ile ile inayomponya mwenzio wewe inakuharibu, kwa sababu hakuna aliyeangalia mna nini.

Na acha kujisugua, hujaandika lakini najua unafanya, wanaume wote mkiwashwa huko mnakimbilia sabuni kali na dawa ya kusafishia vidonda mara tatu kwa siku. Unachubua ngozi iliyochubuka. Maji ya uvuguvugu yanatosha, vuta govi taratibu kadiri linavyokubali, osha, kausha bila kukwaruza, kisha lirudishe mbele. Likikwama nyuma ya kichwa likaanza kuvimba usisubiri asubuhi, hiyo ni dharura.

Wanaume mnaniandikia sana kuhusu hizi sehemu na karibu kila barua inaanza na kosa la mwanamke. Nakumbuka mmoja alikuwa na doa jeusi kwenye kichwa cha uume, linakuja linawasha linafifia, linarudi pale pale, akamnyanyasa mkewe zaidi ya mwaka. Kumbe kila akiumwa alikuwa anakunywa vidonge vya salfa, na huo ni mzio wa dawa unaojulikana, unachagua sehemu moja ya ngozi na kila ukinywa ile dawa unatokea hapo hapo. Mke hakuhusika hata chembe. Vijana nao wanakesha wanalia kwa ajili ya vipele vidogo vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume, au vidoa vyeupe vya mafuta kwenye ngozi, na hayo ni maumbile tu, hayaambukizi, hayatakiwi dawa, wengine wamejiunguza kwa kuyachoma. Wapo wenye upele unaowasha zaidi usiku, uume na pumbu vinatoka vinundu, huyo anapaka pemetrini, dawa ya kuua wadudu wa upele, mwili mzima usiku kucha na nyumba nzima inapaka siku moja na yeye, kisha wanarudia baada ya wiki, akijitibu peke yake anajisumbua bure. Yote haya kwa macho ya mtu aliyeshika simu yanafanana.

Na hapa ndo ndoa za siku hizi zinaponiumiza. Mtu kwenye ndoa miaka 12 anaona aibu kumwonyesha mkewe uume wenye kidonda, ila anaweza kukaa chooni saa nzima analinganisha uume wake na picha za watu asiowajua kwenye simu. Tunalala kitanda kimoja, tunajuana namba za siri za simu, lakini mwili wa mwenzio ukiugua unaujua kwa kubahatisha. Wazee walisema mficha uchi hazai na hawakuwa wanazungumzia uzazi peke yake. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nimeona wanaume wameficha kidonda kidogo kisichouma mpaka kikapona chenyewe wakashukuru, kumbe ile ilikuwa kaswende, kidonda kinaondoka ugonjwa unabaki ndani, na mwanamke akabeba mimba nayo. Sindano ya penisilini ingemaliza.

Nimetaja kaswende makusudi, nakurudisha kwenye ile safari. Mtu ambaye hakufanya kitu haandiki "safari moja tu". Kama kulitokea jambo kulitokea, mimi sio polisi wako, ila unapima kaswende na virusi vya ukimwi siku hiyo hiyo unayopima sukari, na mkeo ana haki ya kujua kwa nini, manake anaupima mwili wake kwa shutuma ambayo huenda ilikuwa yako.

Kesho usile kitu asubuhi, nenda kapime sukari. Kama haujala usiku kucha na ikasoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) kwenda juu sio ya kuachwa, daktari atarudia kuhakikisha. Ikisoma 11.1 au zaidi saa yoyote na dalili ulizonazo hizo, basi jibu unalo. Mwambie daktari akuangalie huko, avute govi, achukue majimaji yapimwe fangasi, na umwonyeshe hiyo krimu. Ikiwa ni fangasi kweli dawa yake ni nyepesi, klotrimazoli mara mbili kwa siku wiki moja hadi mbili, au kidonge kimoja cha flukonazoli, lakini sukari isiposhushwa itarudi hata ukipaka ndoo nzima. Wakati unapaka msikutane kimwili, na mkeo kama naye anawashwa atibiwe pamoja na wewe. Govi likiendelea kukaza na kuchanika daktari anaweza kukushauri utahiriwe. Akiona baka gumu au kidonda kisichopona atakata kipande kidogo kipimwe, kubali. Na ukianza kutapika, kupumua haraka haraka au kusinzia ovyo na kiu hiyo, usingoje kesho, nenda leo.

Umeniuliza umwache. Hapana. Usiku huu rudi chumbani kwenu, mwambie umemsingizia, mweleze na ile safari, halafu umwombe asubuhi akusindikize. Twende wote kashasema yeye mwenyewe.