Roboti ya kuzungumza kwa mtoto mwenye usonji: niliyoyaona darasani Malindi

Dada, umeuliza kama ujinyime umnunulie mwanao mwenye usonji roboti ya kuzungumza naye, kwa kuwa mtaalamu wa kuwafunza watoto kusema yuko mbali na Lamu. Mimi hufundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi hapa Malindi, na roboti ya namna hiyo ilipata kuletwa darasani kwangu na wanafunzi wa chuo kikuu. Rai yangu ni kwamba inafaa, ila pale tu mtu mzima anapoketi na mtoto mbele yake.

Kijana wetu mmoja asiyependa kutazamwa usoni aliikaribia upesi. Roboti ilimwamkia kila asubuhi kwa sauti ileile na maneno yaleyale, kisha ikasubiri bila kumharakisha. Siku moja aliibonyeza mkono ikacheka. Akanigeukia, akaushika mkono wangu, akauweka palepale alipobonyeza yeye. Anayeishi na mtoto wa aina hii anajua uzito wa jambo hilo: alitaka nami nione anachokiona. Nikabonyeza, nikamwachia zamu yake, na mchezo ukawa wetu sote.

Ndivyo ilivyokusudiwa hata na wabunifu. Kaspar, roboti ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005, ilipewa makusudi uso usio na mambo mengi ili mtoto asizidiwe. Ikipigwa husema imeumia, na mwalimu aliyepo hapo humwonyesha mtoto namna ya kugusa kwa upole. Nako Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtafiti Brian Scassellati na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa watoto 12 waliocheza na roboti nyumbani dakika 30 kwa siku kwa mwezi mmoja, mlezi akishiriki, na watoto wakawa hodari zaidi wa kutazama jambo moja pamoja na mtu mzima hata roboti isipokuwepo. Hata hivyo, watoto 12 ni wachache mno kwa mzazi kuuza mali yake.

Hizi mpya zinazojibu lolote kwa akili unde zinanitia wasiwasi, kwa sababu jibu hubadilika kila mara, ilhali kijana wetu alitulia kwa kuwa alijua kitakachofuata. Tena nyingi hupeleka sauti ya mtoto kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti. Uliza pia kama inazungumza Kiswahili, maana ile yetu ilikuwa ya Kiingereza mpaka wanafunzi wale walipotusaidia kurekodi salamu zetu.

Kwa sasa, mtengenezee mwanasesere wa kitambaa, mpe salamu moja na sauti moja, mcheze saa ileile kila siku, nawe uketi ubavuni mwa mtoto. Akiupenda mchezo huo, fedha zako zitumie kwa nauli ya kumfikisha kwa mtaalamu. Akiukataa, tafuta kwanza pa kuazima roboti kabla ya kununua.