Vitabu vikuukuu vya historia ya maeneo: maswali yenu

Nimepata kitabu cha historia ya wilaya chenye sahihi ya mwandishi. Nitajuaje kama ni yake kweli?

Anza na tarehe. Fungua ukurasa wa haki miliki uone nakala hiyo ilichapwa lini. Ikiwa wakati huo mwandishi alikuwa ameshafariki, hakuna haja ya kuendelea, hata mwandiko ufanane vipi. Kisha tazama kalamu. Bolpeni zilienea baada ya 1945, kwa hiyo sahihi ya bolpeni iliyoandikwa tarehe ya 1925 haiaminiki.

Halafu chukua lenzi. Sahihi iliyochapwa pamoja na kitabu mara nyingi huonekana kama vidoto vidogo vilivyopangana. Ya mkono ina mahali wino umekolea na mahali umefifia, na ukipapasa nyuma ya karatasi huenda ukahisi kalamu ilivyokandamiza. Zipo pia mashine zinazoshika kalamu halisi na kuiga sahihi. Hizo hujiumbua zenyewe: ukilinganisha nakala mbili, sahihi zinalandana mstari kwa mstari, jambo ambalo mkono wa binadamu hauwezi.

Ipi bora, sahihi tupu au iliyoandikiwa mtu?

Wauzaji wengi watakwambia sahihi tupu, maana jina la mtu asiyejulikana humpunguza mnunuzi hamu. Kwa vitabu vya aina hii sikubaliani nao. Chukua jina hilo ulitafute kwenye ukurasa wa shukrani. Ukilikuta ni la mzee aliyesimulia, au la mpima ardhi aliyechora ramani, basi umeshika ushahidi wa jinsi kitabu chenyewe kilivyopatikana. Nakala ninayoithamini kuliko zote haina sahihi hata moja. Mwenyewe wa zamani, ambaye simjui, alipita na penseli pambizoni akisahihisha majina ya vijiji na ya machifu, na mara mbili tatu akamkemea mwandishi waziwazi. (Kuna muuzaji alitaka kunifutia maandishi hayo “ili kisafike”. Nilikipokonya mkononi.)

Toleo la kwanza linatambulikaje?

Wachapishaji wengi huweka safu ya tarakimu kwenye ukurasa wa haki miliki, na iliyo ndogo kabisa ndiyo namba ya chapa. Kitabu kinachodai ni cha 1958 huku kina ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) kimechapwa upya, kwa kuwa namba hizo zilianza kuenea miaka ya 1970. Zile za tarakimu 13 ni za kuanzia 2007. Lakini usiliabudu toleo la kwanza. Historia nyingi za maeneo zilichapwa mara moja tu, kwa nakala chache, na zikirudiwa, toleo la pili ndilo lenye masahihisho. Hesabu picha, na hakikisha ramani ya kukunjua bado ipo mwishoni. Hiyo ndiyo huchomolewa kwanza.

Kurasa zina madoa ya kahawia, na nimeona vitundu vya wadudu.

Madoa ni kazi ya unyevu na karatasi yenyewe. Yaache, dawa za kufutia huharibu zaidi. Weka vitabu mbali na ukuta wenye ubaridi, hewa ipite. Kwa wadudu, funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi siku ya pili, la sivyo kitalowa jasho. Na selotepu, kamwe. Gundi yake hugeuka njano na haitoki.

Ninunue chenye mihuri ya maktaba?

Nunua, mradi kuna muhuri mwingine unaoonyesha kwamba maktaba ilikiondoa kwenye orodha yake. Usipouona, waulize wao kabla hujatoa pesa.