Swali la lugha: seli shina, na hiyo "kuongeza kinga"

Msomaji wa Kisauni ananiuliza: "Assalamu alaykum, mwalimu. Kaka yangu atapandikizwa uboho. Daktari asema 'seli shina', jirani asema 'seli mama'. Lipi sahihi? Na ni kweli matibabu haya huongeza kinga dhidi ya bakteria?"

Wa alaykumu salaam, mwanangu, Mungu amjaalie kakako shifaa. Sema seli shina. Seli tumekopa kwa Waingereza. Shina ni letu, ndipo matawi yanapochipuka, na seli hizi, zikaazo katika uboho ndani ya mifupa, huchipuza chembe zote za damu. "Seli mama" hupotosha. Tangu 1988 damu ya kitovu hutumika kupandikizia, na damu hiyo ni ya mtoto, si ya mamake.

Lakini lililonichoma ni hilo la mwisho. Kuongeza kinga! Ukipita soko la Kongowea, unga wa mlonge huongeza kinga, tangawizi huongeza kinga, habasoda huongeza kinga, utadhani kinga ni chumvi ya kutia mchuzini. Nimelipinga neno hili miaka mingi, na leo nalipinga tena.

Kinga yatokana na kukinga. Mvua ya masika ikipiga Mji wa Kale, mtu huweka ndoo chini ya mlizamu: anakinga maji. Weka ndoo kumi pasipo mlizamu, hukingi hata tone. Weka moja mahali pake, lakini baada ya mvua kukatika, pia hukukinga kitu. Na ndoo ikishajaa usipoiondoa, maji yatafurika hadi ukumbini. Kukinga ni mahali, wakati na kiasi. Wingi peke yake haukingi.

Sasa mtazame kakako. Kwanza atapewa dawa kali za kufagia uboho wa zamani. Kwa wiki 2 hadi 4 hivi neutrofili, chembe nyeupe zinazomeza bakteria, zitakuwa karibu hazipo. Zikiwa chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu, homa yoyote ni jambo la dharura. Kisha seli shina alizopandikizwa zitachipuza neutrofili mpya, ila limfosaiti, chembe nyeupe zinazokumbuka maradhi na chanjo, zitachukua miezi, pengine mwaka na zaidi, na chanjo zake za zamani zitarudiwa. Kinga yabomolewa, ndipo ijengwe upya. Kuongeza kuko wapi hapo?

Kuna na seli shina za mesenkaima, zinazochipuza mifupa, gegedu na mafuta badala ya damu, ambazo hunipa ushahidi mzito zaidi. Katika sepsisi, bakteria wameamsha kinga hadi ikamgeukia mwenyewe: shinikizo la damu laporomoka, figo zalemewa. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hiyo ni kijinga cha moto, neno jingine kabisa, lakini kwa mgonjwa wa sepsisi maneno hayo mawili hukutana. Mwaka 2009 watafiti waliwatia panya wenye sepsisi seli hizi. Zikazifanya makrofeji, chembe nyingine za kinga zinazomeza vijidudu, zitoe interlukini-10, kemikali ya kutuliza, na panya wengi zaidi wakanusurika. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba zile za binadamu hutoa pia peptidi LL-37, kipande kidogo cha protini kinachoua bakteria. Zaua huku, zatuliza kule. Kwa wagonjwa wa sepsisi tiba hii ingali ya majaribio, lakini lugha yake hatuna sababu ya kuisubiri: seli hizi huweka kinga sawa.

Basi chembe huongezeka, kwa kuwa zahesabika. Kinga huimarika, hudhoofika, hujengwa, hutulizwa. "Kinga imeshuka" naistahimili. Wauguzi wameizoea na mgonjwa huielewa. "Kuongeza kinga" siipokei.

Na jirani akileta kopo la unga wa kumwongezea kakako kinga, mshukuru uliweke kando. Unga usiopikwa waweza kubeba bakteria, na katika wiki zile kakako hana cha kuwakabili. Muulize daktari kabla hajaonja.