Kabla ya Kumtafuta wa Kulaumiwa, Ulizeni Nani Alijua

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Vijana wanapoumizana, na hata kuuana, nani alaumiwe: wazazi, shule, simu au zama zenyewe?" Mimi ni mwalimu. Darasa langu liliwahi kupatwa na mkasa wa aina hiyo, na tangu siku ile swali lenu halijanitoka kichwani. Mniwie radhi basi nikiandika kwa urefu.

Mvulana wa miaka 14 alimchoma mwenzake kwa bikari nyuma ya vyoo, dakika chache baada ya kengele ya mwisho. Alimchoma begani, kisha karibu na shingo. Majeruhi alipona, ingawa daktari alituambia kwamba ncha ile ingepita upana wa kidole pembeni, tungekuwa tunazungumza mengine. Kesho yake niliikuta bikari juu ya meza ya mwalimu mkuu, imelazwa kwenye karatasi nyeupe. Ncha ilikuwa imepinda. Kipande cha penseli kilichofungwa kwa selotepu kilikuwa bado kimeshika pale pale. Asubuhi ya siku ya tukio yule aliyechoma alikuwa ameitumia kuchora duara katika somo langu, duara safi kabisa, nami nikamwekea tiki.

Kikao cha wazazi na walimu kiliitishwa siku ya pili jioni. Mzazi wa kwanza kusimama alisema ni simu. Wa pili akasema ni gemu za kupigana. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akasema tangu fimbo iondolewe watoto hawamwogopi mtu. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba baba wa yule mtoto haishi nyumbani, na ukumbi mzima ukaguna, kana kwamba jibu limepatikana. Mtu akamalizia kwa methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hakuna aliyeuliza huo ulimwengu ni akina nani, na tulikuwa tumejaa ukumbini.

Mchezo huu wa kutafuta wa kulaumiwa ni wa siku nyingi. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliketi New York kusikiliza madai kwamba vitabu vya katuni ndivyo vinavyowafanya watoto kuwa wahalifu. Shahidi aliyesikika zaidi alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, na mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni za kuchuja kurasa zao. Mwaka 1993 Seneti hiyo hiyo ilijadili gemu za video, na mwaka uliofuata ukaanza utaratibu wa kuziwekea alama za umri. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2005 ya kuzuia watoto kuuziwa gemu za kikatili. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 2011 kwa kura 7 dhidi ya 2, na ikasema kwamba tafiti zilizoletwa mbele yake hazikuthibitisha kuwa gemu hizo husababisha ukali kwa watoto.

Sisemi gemu hazina lolote. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba upo uhusiano mdogo kati ya gemu za kikatili na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi wa kuzihusisha na ukatili mkubwa hautoshi. Angalieni pia Japani na Korea Kusini. Vijana wa huko hucheza gemu usiku na mchana, na bado nchi hizo ni miongoni mwa zenye mauaji machache kabisa duniani. Mzazi anayemnyang'anya mwanawe simu saa 5 usiku ili alale namuunga mkono kwa moyo wote. Anayeamini kwamba kwa kufanya hivyo amemaliza kazi, naona anajidanganya.

Kuna lawama nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo ni ile inayomwangukia kijana kwamba kazaliwa hivyo, kwamba kizazi hiki kimeoza. Mwaka 1995 msomi wa Marekani, John DiIulio, alitabiri kuja kwa wimbi la vijana wasio na utu wala majuto, wabaya kuliko wote waliowatangulia. Majimbo mengi yalilegeza sheria ili watoto washtakiwe kama watu wazima. Wimbi halikuja. Uhalifu wa vijana ulikuwa tayari umeanza kushuka, na uliendelea kushuka. Mwaka 2012 DiIulio mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasomi waliotia saini hati ya mahakamani iliyokiri kwamba utabiri ule haukutimia. Lakini wapo waliofungwa wakiwa na miaka 15 au 16 kwa sheria za hofu ile. Miaka yao nani atawarudishia?

Sasa nije kwenye lile ninalotaka hasa kulisema. Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, Colorado, waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Dunia nzima iligombana juu ya muziki waliosikiliza na gemu walizocheza. Kikosi kinachomlinda rais wa Marekani, kwa kushirikiana na wizara ya elimu ya nchi hiyo, kilifanya kazi ya kimya zaidi. Kilichunguza mashambulizi 37 yaliyofanywa shuleni na vijana 41, na kutoa ripoti mwaka 2002. Walioonekana kuvutiwa na gemu za kikatili walikuwa asilimia 12 tu. Zaidi ya theluthi mbili waliichukua bunduki nyumbani kwao au kwa jamaa. Na katika mashambulizi manne kati ya kila matano, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba mshambuliaji analifikiria au analipanga jambo hilo. Karibu kila mara aliyejua alikuwa rika lake: rafiki, mwanafunzi mwenzake, ndugu yake.

Niliposoma hayo niliiweka ripoti chini, nikakaa muda mrefu. Maana hata kwetu walijua.

Nilikuja kufahamu wiki kadhaa baadaye, taratibu, huyu akisema nusu na yule akimalizia. Mvulana aliyechoma alikuwa na kigugumizi. Muhula mzima mwenzake alikuwa akimwigiza kila nilipomsimamisha asome. Nilikuwa nikisikia kicheko. Nilikuwa nasema "nyamazeni", kisha nakwenda kwa anayefuata. Tangu siku mbili kabla, safu nzima ya nyuma ilijua kwamba amesema atamwonyesha. Wengine walijua mpaka mahali. Mchana wa siku ile msichana mmoja aliniletea madaftari ofisini. Akayapanga mezani, akayapanga tena, kisha akaniuliza, "Mwalimu, leo jioni utakuwa upande wa vyooni?" Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba siko zamu. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaondoka. Nilikuwa nasahihisha.

Nimelirudia swali lake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa mtoto wa miaka 13 lile lilikuwa tamko kamili. Alikuwa ameleta kila alichoweza kukileta bila kuitwa mchongezi.

Na kwa nini aogope kuitwa hivyo? Kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha. Mwaka mmoja kabla, mwanafunzi alitupa habari za wizi wa vitabu, nasi tukamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima na kumpongeza kwa jina. Tulidhani tunamjenga. Alipigiwa miluzi mpaka alipohamishwa shule. Watoto wote waliona malipo ya kusema. Waliona pia kwamba habari ikimfikia mtu mzima, kinachofuata ni adhabu kwa wote wawili, aliyeonewa na aliyeonea, na mambo yanarudi nyuma ya vyoo yakiwa mabaya zaidi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na yule mzee wa fimbo, kwa heshima zote. Yule mvulana hakukosa fimbo. Nyumbani alikuwa akipigwa na mjomba wake, tena sana, na mara nyingine sababu ilikuwa hicho hicho kigugumizi. Fimbo ilikuwa imemfundisha somo moja, akalielewa vizuri: mtu akikukera, muumize mpaka anyamaze. Simuondolei hatia. Aliichukua bikari kwa mkono wake, na mwenzake atabaki na kovu. Lakini nikitazama orodha ya kulaumiwa tuliyoitoa kikaoni, naona tulitaja kila kitu kilicho mbali na viti vyetu.

Mnauliza nani alaumiwe, na naelewa kwa nini. Mzazi aliyefiwa ana haki ya kuuliza hivyo. Ila nimeona waliofanikiwa kupunguza ukatili huu walianza na maswali mengine: ukatili unapita wapi, unamshika nani, na ni saa ngapi mtu angeweza kuingilia kati. Glasgow, Uskoti, ilikuwa imezoea vijana kuchomana visu. Mwaka 2005 polisi wa huko waliunda kitengo cha kuutazama ukatili kama madaktari wanavyoutazama ugonjwa wa kuambukiza. Miaka michache baadaye waliwaita vijana wa magenge mahakamani, bila kuwashtaki, wakawaketisha wasikilize madaktari wa upasuaji na mama za majeruhi. Kisha wakawapa namba ya simu ya kupiga kwa anayetaka kutoka. Polisi walikuwepo na onyo lao, lakini namba ile ilikuwepo pia.

Chicago kuna programu ya wavulana wa sekondari ambayo mazoezi yake huanza na mpira mdogo. Vijana wanakaa wawili wawili. Mmoja anaufumbata mpira, mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 za kuupata. Basi hapo ni kukunjuana vidole, kusukumana, kuvutana mpaka mashati yanachomoka. Muda ukiisha msimamizi anawauliza: mbona hakuna aliyeomba? Watasema, asingenipa. Msimamizi anamgeukia aliyekuwa na mpira: angekuomba ungempa? Naye hujibu, ndiyo, si mpira tu huu? Watafiti walipowalinganisha vijana waliochaguliwa kwa bahati nasibu kuingia na wale waliobaki nje, waliona kukamatwa kwa makosa ya ukatili kumepungua kwa karibu nusu wakati programu ikiendelea. Baada ya kwisha, nafuu hiyo haikudumu. Hilo nalisema makusudi, maana tunapenda dawa ya kunywa mara moja. Ubongo wa kijana, hasa sehemu ya mbele inayopima matokeo kabla ya tendo, hukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. Huwezi kumpa mafunzo ya muda mfupi ukategemea yamtoshe miaka kumi.

Nililijaribu zoezi hilo darasani kwangu kwa kifutio. Walipigana kweli, wakacheka, na nilipouliza lile swali wakanyamaza kwa namna ambayo sijaiona katika somo lolote la nidhamu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wazazi, shule, simu na umaskini, kila kimoja kina fungu lake, na anayetaka kugawa mafungu hayo agawe. Lakini kati ya mtoto aliyekasirika na jeraha kuna siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki nzima, ambapo wenzake wanajua na wanatazama huku na huku wakitafuta mtu mzima wa kumwambia. Mtu huyo akikosekana, lawama yangu ya kwanza naiweka hapo, na naiweka nikijihesabu.

Ningeomba wiki ijayo muwaulize wasomaji wenu vijana swali moja: ukijua rafiki yako anataka kumuumiza mtu, utamwambia mtu mzima gani? Mimi niliwauliza wangu kwa vikaratasi visivyo na majina. Wachache waliandika mama, mmoja aliandika shangazi. Vingi vilirudi vitupu. Jina langu halikuwemo, na sikushangaa. Lakini vikaratasi vinne, kwa miandiko minne tofauti, viliandikwa "mlinzi wa getini".

Nilimfuata mlinzi siku hiyo hiyo jioni. Ni mtu wa makamo, hana maneno mengi. Nilipomwonyesha vile vikaratasi alivisoma polepole, akaviweka mfukoni mwa shati. Akaniambia ni kweli, watoto humweleza mambo yao kila siku wanapongoja kuchukuliwa, na hata lile la bikari alikuwa amelisikia. Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema katika miaka yote aliyokaa pale getini, hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza neno zaidi ya saa ngapi.